Mzee amelazwa na damu imepungua: maswali ndugu wanayouliza mara kwa mara

Mimi ni muuguzi. Nimehudumia wodi za magonjwa ya ndani hapa Tanzania kwa miaka mingi, na saa ya kuona wagonjwa ikifika huwa najua nitakachoulizwa kabla mtu hajafungua mdomo. Mtoto wa mgonjwa amesimama na hotpoti ya uji mkononi. Asubuhi aliambiwa kwamba mama yake "ana upungufu wa damu", daktari akapita kitanda cha pili, na maswali yakabaki kooni. Majibu ninayompa pale koridoni ni mafupi mno kwa jambo zito kama hili, ndiyo maana nimeyaandika hapa kwa kirefu. Nikisema mzee nina maana ya mtu wa miaka 60 na kuendelea, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inavyohesabu, ingawa mengi ya haya yanawagusa zaidi waliovuka 75.

Fomu imeandikwa HB 7.9. Hiyo ni mbaya kiasi gani?

Ni mbaya. HB ni himoglobini, ile protini inayozipa chembe nyekundu za damu rangi yake na kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamume aliye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya 12, ana upungufu wa damu. Viwango hivyo ni vya tangu 1968, na mwongozo mpya wa 2024 haukuvigusa kwa watu wazima. Kuanzia 11 hadi karibu na kiwango unaitwa upungufu hafifu, 8 hadi 10.9 ni wa wastani, chini ya 8 ni mkali. Maabara nyingine huandika kwa lita, kwa hiyo ukiona 79 usishangilie, ni ile ile 7.9.

Namba peke yake haitoshi, lakini. Mwenye 7.9 aliyeshuka polepole kwa mwaka mzima anaweza kuja akitembea mwenyewe. Mwenye 9 aliyekuwa na 13 juzi anatokwa na damu mahali fulani, na huyo ndiye wa kukimbiliwa.

Kwani si uzee tu? Mzee ana miaka 82.

Hili ndilo swali linaloniuma, kwa sababu wakati mwingine hata sisi watumishi wa afya ndilo jibu tunalolitoa. "Ni umri, mama." Halafu mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake ukiwa haujatajwa jina.

Ni kweli kwamba kadiri umri unavyosogea ndivyo wenye upungufu wanavyoongezeka. Takwimu za kitaifa za Marekani zilizochapishwa 2004 zilionyesha kuwa katika watu wa miaka 65 na zaidi wanaoishi majumbani, mmoja kati ya kumi hivi alikuwa na upungufu, na waliovuka 85 walikuwa zaidi ya mmoja kati ya watano. Sasa igeuze hesabu hiyo uitazame upande wa pili: hata katika waliovuka 85, wengi wao damu yao ilikuwa sawa. Kama uzee peke yake ungekuwa unakausha damu, wote wangekauka.

Utafiti huohuo uligawa sababu. Theluthi moja walikuwa wamepungukiwa na madini ya chuma, vitamini B12 au foliki. Theluthi nyingine walikuwa na maradhi ya muda mrefu au figo zilizochoka. Theluthi ya mwisho sababu haikuonekana. Maana yake ni kwamba wawili kati ya watatu walikuwa na kitu cha kutafutwa na kukutwa. Na hiyo ni Marekani. Huku kwetu ongeza malaria, kichocho, na minyoo ya safura. Wazee wanaoendelea kulima peku wanayo bado, na dawa yake ni rahisi kuliko karibu kila kitu nitakachokitaja hapa.

Ni sawa na presha ya kushuka?

Hapana. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, HB ni ubora wa damu yenyewe. Mtu anaweza kuwa na presha ya 170 na HB ya 6. Nimekuta wazee walioacha vidonge vyao vya presha kwa sababu mtu aliwaambia "damu imeshuka", wakaelewa presha imeshuka. Msiache dawa ya presha kwa sababu ya neno hilo.

Amelazwa kwa nimonia. Upungufu wa damu unahusiana nini na hali yake hapa wodini?

Unahusiana sana. Kwa mzee aliyelazwa, damu iliyopungua huambatana na mambo manne tunayoyaona kila wiki: kukaa wodini siku nyingi zaidi, kushindwa kurudi kwenye shughuli alizokuwa akizifanya, kurudishwa hospitali muda si mrefu baada ya kuruhusiwa, na kifo. Matokeo hayo yameonekana katika nchi nyingi, kwa wagonjwa wa moyo, wa nimonia, wa figo na waliovunjika nyonga.

Jinsi unavyofanya kazi si vigumu kuona. Moyo unaopokea damu nyepesi hulazimika kupiga haraka ili oksijeni ifike. Moyo wa kijana huvumilia. Moyo wa mzee mwenye presha ya miaka ishirini huanza kushindwa: miguu inavimba, pumzi inabana akilala chali. Ubongo nao unalalamika. Mama aliyekuwa akiwataja wajukuu wote kwa majina anaanza kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki, anavua kanga usiku, anataka kwenda shambani. Familia inadhani amerogwa au amepata kichaa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee aliyelazwa kuna sababu nyingi, na damu kupungua ni mojawapo ya zile zinazopaswa kuangaliwa mapema.

Halafu kuna kuanguka. Naomba mlichukue hili kwa uzito. Saa tisa usiku mzee anataka kwenda kujisaidia, anaona haya kumwamsha muuguzi, anainuka mara moja, kizunguzungu kinamchukua, anakwenda chini. Aliingia kwa kikohozi, sasa ana nyonga iliyovunjika. Mwambieni akae kwanza pembeni ya kitanda, miguu imeninginia, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kama wodi inaruhusu ndugu kulala, alale mmoja.

Nieleze jambo moja kwa uaminifu hapa, kwa sababu majibu ya maswali ya mbele yanalitegemea. Upungufu wa damu wakati mwingine ndio unaoumiza, na wakati mwingine ni moshi unaotuonyesha kwamba kuna moto mahali pengine: saratani, figo, maambukizi sugu. Ukipuliza moshi bila kuzima moto, nyumba itaungua.

Tutajuaje nyumbani kabla hajafikia kulazwa?

Vuta kope la chini taratibu, uangalie ndani. Panapaswa kuwa pekundu kama nyama mbichi. Pakiwa pameparara, pamekaribia weupe, mpelekeni akapimwe. Angalieni pia ulimi, viganja na kucha. Kwenye ngozi nyeusi uso haukuambii kitu. Ila kope likiwa jekundu msijihakikishie, upungufu hafifu hauonekani kwa macho.

Dalili nyingine wazee huzificha bila kujua. Hasemi "nimechoka", anaacha tu kwenda msikitini au jumuiya. Anapumzika mara mbili njiani kutoka kisimani ambako zamani hakupumzika. Wengine huanza kutamani kula udongo au mchele mbichi, na hilo huonekana sana mwili ukikosa madini ya chuma.

Alipoingia HB ilikuwa 11.5, wiki ya pili ni 9. Hospitali imemfanya nini?

Swali la haki. Kuna majibu ya kawaida, na kuna moja la hatari.

La kwanza ni dripu. Mzee aliyekuja amekauka maji damu yake ilikuwa nzito, akiongezewa maji namba inashuka bila kupoteza tone. La pili ni ugonjwa wenyewe: homa na uvimbe mwilini huzuia uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, kutengeneza chembe mpya. La tatu ni sindano zetu. Kila kichupa cha kipimo huchukua mililita chache, na mgonjwa anayetolewa damu kila asubuhi kwa wiki mbili amepoteza si kidogo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2013 ulikuta karibu robo tatu ya waliolazwa bila upungufu waliupata wakiwa humohumo hospitalini, na waliofikia kiwango cha wastani au kikali walikaa zaidi na walikufa zaidi. Kanada, mwaka 2023, walijaribu kutumia vichupa vidogo kwenye wodi za wagonjwa mahututi na mahitaji ya kuongeza damu yakaelekea kupungua, ingawa katika hesabu kuu tofauti haikufikia kiwango cha kuitwa uthibitisho. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari, kipimo hiki cha leo kitabadilisha matibabu?"

La nne ndilo la hatari: anatokwa na damu tumboni wakati huu huu. Soma jibu linalofuata mara mbili.

Choo chake ni cheusi. Ni vidonge vya kuongeza damu au ni damu?

Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi au cha kijani kibichi iliyokolea, kigumu au cha kawaida, na harufu haibadiliki sana. Damu iliyotoka tumboni hutoa choo cheusi kinachong'aa, kinachonata kama lami ya barabarani, na harufu yake mkishaisikia mara moja hamtaisahau. Kikiwa cha namna hiyo, au mzee akatapika kitu kama kahawa iliyosagwa, mwiteni muuguzi hapo hapo. Kama yuko nyumbani, ni hospitali usiku huo huo. Msisubiri asubuhi.

Vidonda vya tumbo amevipata wapi? Hali pilipili wala hanywi pombe.

Nitawasimulia. Bibi mmoja aliletwa wodini akiwa na HB ya 5 na kidogo. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Mwanawe akajibu, "Hatumii dawa yoyote." Nilikuwa nambadilisha shuka. Bibi akafungua fundo la kanga yake, mahali anapofunga pesa, akatoa karatasi ya alumini imekunjwa mara nne. Vidonge vya daiklofenaki, vimebaki vitatu. "Hizi si dawa," akasema, "ni za magoti tu." Alikuwa akivinunua duka la dawa la jirani kwa miezi mingi, viwili asubuhi, viwili jioni, mara nyingi kabla ya kula.

Daiklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na aspirini huondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Kwa mzee kidonda kinaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila maumivu yoyote, kwa sababu dawa yenyewe ni ya kuzuia maumivu. Akiwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao ni wengi sana huku kwetu, hatari inaongezeka. Akiwa anatumia pia dawa ya kuyeyusha damu kama wafarini, inaongezeka tena. Figo nazo zinaumia.

Kwa hiyo mnapokuja hospitali leteni dawa zote, za magoti, za mitishamba, za jirani, za pakiti iliyokatwa nusu. Wekeni zote kwenye mfuko mmoja na mmkabidhi daktari. Msimuulize mzee "unatumia dawa?" Muulizeni "magoti yakiuma unafanyaje?" Na msiache wenyewe aspirini au wafarini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, huo ni uamuzi wa daktari.

Kwa nini hawamwekei damu? Tumeambiwa 8.2 na bado wanasema hapana.

Najua inavyouma kumwona mzazi ameparara huku benki ya damu iko jengo la pili. Lakini damu ya mtu mwingine ni tiba yenye gharama yake mwilini, na kwa mzee gharama hiyo ni kubwa kuliko kwa kijana.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada uliofuatilia wagonjwa 2,016 wa miaka 50 na zaidi, wengi wao wazee kabisa, wote wamefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika na wana ugonjwa wa moyo au dalili za kuelekea huko. Nusu waliongezewa damu kila HB iliposhuka chini ya 10. Nusu nyingine walisubiri mpaka ishuke chini ya 8 au dalili zijitokeze. Baada ya siku 60, waliokufa au kushindwa kutembea chumbani bila msaada walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Damu ya ziada haikuwanyanyua kitandani. Utafiti huu ndio ulionifanya niache kuiona chupa ya damu kama jibu la kila kitu.

Leo miongozo mingi husubiri 7 kwa mgonjwa aliyetulia, na 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo au anayefanyiwa upasuaji wa mifupa. Mgonjwa aliyepata shambulio la moyo ni habari nyingine. Utafiti wa 2023 wa wagonjwa 3,504 wa namna hiyo ulilinganisha kusubiri 7 au 8 na kulenga 10, na ndani ya siku 30 waliokufa au kupata shambulio jingine walikuwa asilimia 16.9 kwa waliosubirishwa na 14.5 kwa waliopewa zaidi. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuitwa uthibitisho, lakini madaktari wengi wa moyo hawaipuuzi, na nadhani wana haki. Na anayetokwa na damu sasa hivi, anayebanwa kifua au kupumua kwa shida, hasubirishwi namba.

Hatari yenyewe ni ipi? Kubwa kwa wazee ni moyo kuzidiwa na maji. Chupa moja huongeza HB kwa gramu 1 hivi, na huingiza ujazo ambao moyo dhaifu hauwezi kuusukuma. Ndiyo maana tunaweka chupa moja, polepole, kwa saa mbili mpaka nne, kisha tunapima kabla ya kufikiria ya pili, na wakati mwingine tunampa dawa ya kukojoa. Dakika 15 za mwanzo muuguzi anapaswa kuwa karibu. Nyie mlio pembeni, mkiona anaanza kukohoa, kutetemeka, kuwashwa, kulalamika kiuno au kutaka kukaa ili apumue, semeni wakati huo huo. Hamtamkera mtu.

Tumeambiwa tulete watu wa kuchangia damu. Atapewa hiyo hiyo?

Kwa kawaida hapana. Mnachochangia kinakwenda kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha kinaingia benki. Mzee wenu anapewa iliyokwishapimwa inayolingana na kundi lake, na yenu inaziba pengo. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu haiuzwi. Anayewaomba pesa ya "chupa" uani anawaibia, mwelezeni msimamizi wa wodi.

Amepewa vidonge vya kuongeza damu mwezi mzima, HB haijasogea.

Kabla ya kulaumu dawa, nitazame anavyoimeza. Nimeliona jambo hili vitanda vingi: saa kumi na mbili asubuhi binti anafika na chupa ya chai, anamimina chai ya rangi iliyokolea, anaweka kidonge chekundu kwenye kifuniko, "Baba, meza na chai ikiwa ya moto." Kwa upendo kabisa. Lakini chai na kahawa hushika chuma tumboni kisiingie mwilini. Maziwa nayo, na dawa za kupunguza asidi. Ameze na maji au juisi ya chungwa au ukwaju, saa moja au mbili mbali na chai. Kikimletea kichefuchefu, ni bora amezee na chakula kuliko aache kabisa.

Halafu kiasi. Mnadhani vitatu kwa siku ni bora kuliko kimoja. Israel walijaribu hili kwa wagonjwa 90 waliolazwa, wote wamevuka miaka 80, matokeo yakachapishwa 2005: waliopewa miligramu 15 za chuma kwa siku walipanda sawa na waliopewa 150 baada ya miezi miwili. Tofauti ilikuwa kwenye tumbo. Wa 150 waliteseka zaidi kwa kuharisha, kufunga choo na kutapika, na mzee anayeteseka huacha dawa kimyakimya na kuzificha chini ya mto. Nimeokota nyingi nikitandika. Muulizeni daktari kama kidonge kimoja kwa siku, au siku moja ndiyo siku moja hapana, kitatosha.

Dawa ikiingia vizuri, HB inatarajiwa kupanda kwa gramu 2 hivi ndani ya wiki tatu au nne, na vidonge vinaendelea kwa miezi mitatu hivi baada ya namba kuwa sawa ili ghala la mwili lijae. Isiposogea kabisa, ama anaendelea kutokwa na damu, ama hamezi, ama tatizo halikuwa chuma.

Daktari anasema chuma kipo lakini hakitumiki. Inawezekanaje?

Mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa muda mrefu, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini. Kazi yake ni kufunga mlango: chuma kisitoke ghalani, kisiingie kutoka tumboni. Wanasayansi hudhani ni mbinu ya kuwanyima wadudu chakula. Shida ni kwamba uboho nao unanyimwa. Mgonjwa wa kifua kikuu, wa kidonda cha kisukari kisichopona, wa moyo au wa saratani anaweza kumeza vidonge mwaka mzima bila faida.

Hapo ndipo kipimo cha feritini, kinachopima ghala, kinapochanganya watu. Feritini hupanda na homa. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya 15 ni upungufu wa chuma, lakini mwenye maambukizi Shirika la Afya Duniani linapandisha mstari mpaka 70. Kwa hiyo "feritini 50, kawaida" kwa mzee mwenye homa si kawaida hata kidogo. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wa moyo, chuma cha kwenye mshipa husaidia pale kidonge kinaposhindwa, kwa sababu kinaruka ule mlango wa tumboni; wagonjwa wa moyo waliolazwa na kupewa hicho katika utafiti uliotoka 2020 walirudi hospitali mara chache zaidi, ingawa vifo havikupungua.

Miguu ina ganzi na amekuwa akimeza foliki peke yake.

Simamisheni mazungumzo mengine mumwambie daktari hili leo. Ganzi, kuyumba akitembea gizani na kusahau huweza kuwa upungufu wa vitamini B12. Foliki peke yake inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na uharibifu huo ukikaa haurudi wote. Walio hatarini ni wanaotumia metifomini ya kisukari kwa miaka mingi, wanaomeza omeprazoli kila siku, waliokatwa sehemu ya tumbo, na wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, ambao katika wazee wanaoishi peke yao si wachache. Tiba ni sindano, na si ghali.

Figo zinahusikaje?

Figo ndizo zinazotuma agizo kwa uboho litengeneze chembe nyekundu, kwa homoni ya erithropoietini. Zikichoka, agizo haliendi. Kuna sindano ya homoni hiyo, ila hutolewa kwa uangalifu. Kuipandisha HB mpaka ya kijana kumeonekana kuleta kiharusi.

Rozela, bitiruti, maini, kisusio. Tumpe nini?

Mpeni anachoweza kula na kumeza. Maini, nyama nyekundu, dagaa na samaki vina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi, na kisusio cha Wachaga, ile supu yenye damu ya mnyama, kipo kundi hilo. Mchicha, matembele na maharage vina chuma pia, lakini huingia kidogo, kwa hiyo kamulieni limao au ale pamoja na chungwa. Rozela na bitiruti ni vyekundu, ndiyo asili ya sifa zake; rozela ina uchachu unaosaidia chuma kuingia, lakini rangi ya kinywaji haiwi damu. Mwenye kisukari asipewe iliyojazwa sukari, na mwenye figo aulizieni kwanza. Na mwangalieni meno. Mzee asiye na magego hataila nyama ya vipande hata mkimpikia kila siku, isageni.

Ana miaka 84. Kuna haja ya kumpitisha kwenye kipimo cha kamera?

Mwanaume yeyote, au mama aliyekoma hedhi, akiwa na upungufu wa madini ya chuma, anapaswa kufikiriwa kwamba anavuja damu kwenye njia ya chakula mpaka ionekane vinginevyo. Kamera ya juu huona vidonda na saratani za koo na tumbo, ya chini huona za utumbo mpana. Mama aliyekoma hedhi kisha akatokwa na damu ukeni, hata tone, aende kwa daktari wa wanawake bila kusubiri, na wengi hawalisemi hili mbele ya watoto wa kiume, kwa hiyo binti amuulize.

Kama afanyiwe au la, inategemea jibu litawasaidia kufanya nini, na nguvu zake zikoje. Kuna mzee wa 70 ambaye maandalizi ya kuharisha yatamuumiza, na wa 88 anayelima bado. Mara nyingi naona kikao cha familia kinakaliwa koridoni na mwenye tumbo hajaulizwa. Tulikuwa na mzee wa miaka themanini na ushee ambaye wanawe watatu walibishana siku mbili. Siku ya tatu daktari akavuta kiti akakaa, akamuuliza yeye. Akasema, "Nataka kujua kinachonila, hata kama hamtakitoa." Alifanyiwa. Ilikuwa kidonda, akatibiwa kwa vidonge.

Tunaruhusiwa kesho. Tuhakikishe nini?

Ombeni karatasi ya kuruhusiwa iandike HB ya siku aliyoingia, ya siku anayotoka, na chanzo kilichopatikana au kinachotafutwa. Neno "upungufu wa damu" peke yake halitamsaidia daktari atakayemwona mwezi ujao. Ulizeni ni dawa zipi za zamani zimesimamishwa, kisha mkifika nyumbani zitoeni, maana zikibaki kabatini ataziona magoti yakiuma. Ulizeni pia ameze nini badala yake, mara nyingi ni parasetamoli. Pangeni tarehe ya kurudia kipimo, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, na mumteue mtu mmoja wa kumpeleka, kwa jina, kabla hamjatawanyika. Pale penye dirisha la wazee litumieni, msipange foleni ndefu.

Mrudisheni siku hiyo hiyo akipata choo cha lami, akitapika damu, akizimia, akibanwa kifua, akihema akiwa amekaa tu, au akianza kuongea mambo ambayo jana hakuwa akiyaongea.